Bravin na Wapiganaji Wanane

Televisheni ya kwa kina Joyline huko Tabaka ilikufa picha siku ya Jumanne, na hadi Jumapili hakuna mtu nyumbani aliyekuwa amegundua. Sauti ilitoka vizuri kama kawaida. Mama yao, Jemimah, ni mtu wa redio, na kioo cha televisheni hukitazama pale tu anapokipangusa vumbi. Joyline ndiye aliyefika kutoka mjini Kisii, akaingia sebuleni na kumkuta mdogo wake amekunja miguu juu ya kochi, pedi ya gemu mikononi, akipigana kufa na kupona mbele ya kioo cheusi tititi.

"Bravin, unacheza nini?"

"Wanane. Nimefika kwa Dubu. Usinisemeshe."

"TV haina picha."

Bravin hakugeuka. Alibonyeza mara tatu, Dubu akaanguka kwa kishindo, ndipo akaweka pedi mapajani. "Kumbe? Nilidhani ni macho yangu."

Alikuwa na miaka thelathini na minne, na tangu ishirini na miwili hakuwa akiona hata mwanga wa taa. Presha ya macho ilimla polepole, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia, wakati huo akiwa mchongaji wa mawe anayetajwa hadi kwa wafanyabiashara wa Nairobi. Alipoacha patasi alihamia kwenye msasa. Kila siku aliketi mbele ya beseni la maji akisugua vifaru na mabakuli waliyochonga wengine, na hakuna jiwe lililonunuliwa kutoka machimboni kabla yeye hajaligonga kwa kifundo cha kidole na kusema kama lina ufa ndani. Hilo alilitangaza mwenyewe. Bravin hakuwa mtu wa kungoja asifiwe.

Gemu yenyewe ilikuwa ya tangu utotoni. Baba yao marehemu aliwaletea mashine hiyo Joyline akiwa darasa la sita, ikiwa na kaseti moja ambayo karatasi yake ya jina ilikuwa imebanduka. Kwa kuwa ndani yake mlikuwa na wapiganaji wanane, watoto wote wa mtaa waliiita Wapiganaji Wanane, na wapiganaji nao wakabatizwa upya: Dubu, Msichana wa Mkanda, Mrefu, Mzee wa Ndevu. Bravin alikuwa wa Mzee wa Ndevu tangu siku ya kwanza. Macho yalipokwenda, vidole vilibaki. Aligundua kwamba kila mpiganaji ana sauti yake akirusha ngumi, sauti nyingine akiruka, na kwamba Mzee wa Ndevu akikaribia kupiga teke lake kubwa husafisha koo, *hm*. Akihesabu hatua alijua adui yuko mbali kiasi gani. Kijijini walikuja kumtazama, wakapigwa, wakarudi makwao kimya.

Joyline alikuwa akimwonea fahari, na alikuwa na mahali pa kuitangaza fahari hiyo. Kwa kazi alikuwa mtaalamu wa dawa katika duka moja mjini, akiishi Nyanchwa, mzee wa kanisa akimheshimu na majirani wakimwita Madam. Lakini kwenye simu yake mlikuwa na kundi la watu mia mbili na kitu wanaopenda gemu za zamani, na humo kila mtu aliijua sauti yake. Hakuandika, alirekodi. Dakika tano, dakika saba, akieleza kwa nini gemu ya zamani ni gemu na hizi za sasa ni sinema unazoruhusiwa kubonyeza.

Kwa hiyo Wapiganaji Wanane ilipotoka upya, imetengenezwa kutoka mwanzo kwa mashine za siku hizi, kundi zima lilingoja hukumu yake. Joyline alikwenda kwenye ukumbi wa gemu wa Anyona, pale mjini, akacheza saa mbili, akatoka akiwa amekunja uso. Jioni hiyo alirekodi dakika kumi na moja.

"Wamempa Dubu manyoya," alisema. "Kila unywele unaonekana. Sawa. Lakini zamani Dubu alikuwa vidoa thelathini vya rangi ya kahawia, na mimi nikiwa mtoto nilimwogopa, kwa sababu manyoya nilimwotesha mwenyewe kichwani mwangu. Sasa wamenimalizia kazi yangu. Tena ukishindwa mara mbili inakuuliza kama ungependa irahisishwe. Nani aliiomba? Gemu ya zamani ilikuchapa, ikakaa kimya, ikakungoja urudi na akili. Hii inakubembeleza kama mgonjwa."

Kundini watu walimpigia makofi ya vidole vya njano, zile picha ndogo za simu. Bravin, aliyesikiliza rekodi hiyo huko Tabaka mikono ikiwa ndani ya beseni, alimpigia simu papo hapo.

"Dada, nipeleke nikaicheze."

"Utajiumiza roho bure. Sauti zote wamezibadilisha."

"Nipeleke nijue mwenyewe."

Alimpeleka. Anyona alikuwa mnene, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, na ndivyo alivyokuwa kweli siku za Sabato. Aliwatengea kiti cha pembeni na kumvika Bravin hedifoni kubwa. Mambo yakawa mabaya, tena haraka. Muziki wa gemu mpya ulikuwa wa ngoma na matarumbeta, ukafunika kila kitu. Mzee wa Ndevu hakusafisha koo tena. Vijana waliokuwa wakimzunguka Bravin wakampiga mmoja baada ya mwingine, hata mmoja aliyekuwa akila mahindi ya kuchoma kwa mkono mmoja.

"Nilikuambia," Joyline alisema walipotoka.

"Jumapili ijayo tena," Bravin akajibu.

Alipigwa Jumapili tatu mfululizo. Katika ile ya pili Anyona alimwonyesha kwamba muziki unaweza kuzimwa kabisa, na sauti za mapigo kuongezwa. Katika ya tatu, katikati ya kupigwa, Bravin alinyoosha mkono akashika bega la dada yake.

"Anapumua."

"Nani?"

"Mzee wa Ndevu. Hasafishi koo siku hizi, anavuta pumzi. Na huyu anayenipiga yuko kushoto kwangu. Ameruka, sasa yuko kulia. Joyline, hii ina kushoto na kulia!" Alikuwa amesimama bila kujua, waya wa hedifoni umemvutika shingoni. "Ile yetu ya zamani sauti zote zilitoka shimo moja. Nilikuwa nahesabu hatua kama mtu anayetembea gizani. Hapa nimo ndani ya chumba pamoja nao."

Siku hiyo walibishana kuanzia ukumbini hadi Nyanchwa, wakipanda kilima kwa miguu, Bravin ameshika kiwiko cha dada yake. Joyline alishikilia kwamba ile ya zamani ndiyo yenye roho. Bravin alisema roho ya dada yake iko machoni, na hakuna neno baya katika hilo, lakini asiwasemee watu wote.

"Wewe unalilia vidoa vyako thelathini," alisema. "Mimi sina kidoa hata kimoja. Mimi nimeongezewa."

Joyline akamwambia aangalie mfereji. Usiku ule hakurekodi kitu.

Miezi miwili baadaye, Anyona alibandika tangazo mlangoni: mashindano ya Wapiganaji Wanane, toleo jipya, wachezaji kumi na sita, Jumapili saa nane mchana, mshindi kuondoka na jaketi jekundu lenye jina la ukumbi mgongoni. Bravin alikuwa wa tatu kujiandikisha. Alikuwa amefanya mazoezi kila Jumapili, na kati ya wale vijana waliompiga mwanzoni hakuna aliyetaka tena kuketi naye bila sababu nzuri.

Ukumbi ulijaa. Watu walisimama hadi nje kwenye baraza, na walipoona Bravin akiongozwa hadi kitini, fimbo yake nyeupe chini ya kwapa, minong'ono ilipita. Joyline aliisikia yote. "Huyu naye?" "Anacheza vipi?" Mmoja alicheka, akanyamazishwa na mwenzake. Ilimchoma. Halafu Anyona akasoma jinsi wachezaji walivyopangwa. Mpinzani wa kwanza wa Bravin alikuwa Obwocha wa Manga.

Obwocha alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mtoto wa wakulima wa chai kule juu ukingoni mwa genge, na Nyamira nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kumshinda. Alikuwa mtaratibu, anasalimu wakubwa kwa mikono miwili. Joyline alimfuata mlangoni alikokuwa akinywa maji.

Baadaye alijaribu kukumbuka ni nini hasa kilichomwinua kutoka kitini. Hakutaka mdogo wake ashinde kwa hila. Alitaka tu asichekwe. Aliona kichwani mwake mizunguko miwili ya haraka, Bravin ameanguka bila kugusa mtu, na ukumbi mzima ukitazama pembeni kwa huruma.

"Samahani, mdogo wangu," alimwambia. "Huyo utakayecheza naye ni ndugu yangu. Haoni. Sikuombi ushindwe. Mwachie tu raundi moja, aonekane amecheza."

Obwocha alimtazama, kisha akatazama chini. Kumkatalia mwanamke wa umri wa dada yake mkubwa, tena Madam, ilimshinda. "Sawa, dada," alisema.

Wakaketi. Raundi ya kwanza ilikwisha kabla watu hawajatulia. Mzee wa Ndevu wa Bravin alimsukuma Msichana wa Mkanda wa Obwocha hadi ukutani, akapiga teke, akapiga tena, na yule msichana akaanguka. Ukumbi ulilipuka. "Buya mono!" mtu alipaza sauti kwa Kigusii kutoka barazani, na wengine wakaitikia kwamba ndiyo, vizuri sana. Joyline alipumua.

Bravin alivua hedifoni, akaweka pedi mezani.

"Umelegeza," alisema.

Obwocha alishusha pedi yake mapajani.

"Nimekuja hapa Jumapili nyingi, nikakusikiliza ukicheza na wengine. Nakujua hata kabla hujabonyeza. Msichana wako wa Mkanda akirudi nyuma huwa anaruka hatua ya pili. Leo amerudi nyuma hatua nne, akasimama akapigwa. Nimemsikia akisimama. Kwa nini?"

Kelele zilianza kuzimika, kwanza mstari wa mbele, kisha nyuma, hadi ikabaki sauti ya gari barabarani. Anyona alikuja akauliza kuna shida gani. Bravin alisema hakuna shida, isipokuwa raundi ile haitaki, ifutwe.

"Huwezi kukataa raundi uliyoshinda," Anyona alisema.

"Sikuishinda. Nimepewa. Muulize."

Anyona alimgeukia Obwocha. Kijana yule alikuwa amekaza macho kwenye pedi, masikio yamemwiva. Kwa kufumba na kufumbua macho yake yalikwenda kwa Joyline, yakarudi. Watu watatu wanne waliona. Joyline angeweza kukaa. Obwocha asingemtaja, hilo aliliona wazi usoni mwake, na ndilo lililomwaibisha zaidi, kwamba mtoto wa watu atabebeshwa mzigo wake mbele ya ukumbi mzima na ataubeba kwa adabu.

Akasimama.

"Ni mimi," alisema. Sauti aliyozoea kuirekodi dakika kumi bila kukwama ilimtoka nyembamba. "Mimi nilimwomba. Yeye hana kosa. Alikataa kunivunjia heshima, basi."

Bravin aligeuza uso upande aliokuwa dada yake. Joyline akatamani amtukane.

"Uliniambia gemu mpya ni mbaya kwa sababu inambembeleza mtu kama mgonjwa," Bravin alisema. "Dakika kumi na moja ulisema. Nilizisikiliza zote."

Mtu alicheka kidogo, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha, kwa maana Joyline mwenyewe alikuwa ameziba mdomo, machozi na kicheko vikigombania njia.

"Nimekosa," alisema. "Nisamehe. Wewe pia, Obwocha."

"Kaa chini utazame," Bravin alimwambia, lakini kwa upole. Kisha akamgeukia mpinzani wake, akanyoosha mkono hewani, na Obwocha akaushika kwa mikono yake miwili. "Sasa nipige, kijana. Nipige kama unavyowapiga wengine."

Obwocha alimpiga. Raundi ya kwanza, baada ya Anyona kufuta ile nyingine, ilichukua sekunde arobaini, na Mzee wa Ndevu hakupata nafasi ya kuvuta pumzi. Joyline alijilazimisha kutazama. Aliona jambo ambalo hakuwa ameliona Jumapili zile zote kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye skrini yakitafuta makosa: uso wa Bravin. Haukuwa uso wa mtu anayeumizwa. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja, midomo imefunguka, kama pale anapogonga jiwe jipya na kungoja liseme.

Katika raundi ya pili alingoja. Msichana wa Mkanda akaja, akarudi, akaruka hatua ya pili, na huko juu angani teke likamkuta. Akaja tena kwa njia nyingine, akakutwa tena. Obwocha alikaa wima kwenye kiti. Akabadilisha mtindo, akamchapa Bravin mara tano mfululizo, mstari wa uhai ukabaki kama uzi, na Bravin akacheka kwa sauti.

"Ndiyo! Hivyo!"

Kisha akajitupa mbele, mahali ambapo mtu anayeona asingethubutu kwenda, akaimaliza.

Raundi ya tatu hata wauzaji wa karanga waliacha kuuza. Wapiganaji wote wawili walikuwa wamebakiwa na pigo moja. Joyline alisikia mvuto wa pumzi, mdogo mno, kutoka kwenye spika za ukumbi. Mzee wa Ndevu. Alikuwa ameicheza na kuitazama gemu hiyo saa nyingi na hakuwahi kuusikia. Teke likaenda, likafika, na Obwocha wa Manga, ambaye hakuwa ameshindwa na mtu, akaachia pedi na kushika kichwa.

Aliyepiga kelele ya kwanza alikuwa Obwocha mwenyewe. Alisimama, akamwinua Bravin, akamkumbatia hadi fimbo ikaanguka. Joyline alikuwa juu ya benchi, viatu vya ofisini na vyote, akipaza sauti ambayo wazee wa Nyanchwa hawakuwahi kuisikia kwake. "Huyo ni ndugu yangu!" aliwaambia watu asiowajua. "Ndugu yangu wa tumbo moja!"

Jaketi jekundu hakulichukua. Katika mchezo uliofuata Bravin alikutana na Cynthia, msichana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, asiyependa maneno, aliyemaliza shule mwaka jana. Cynthia alikuwa amemtazama kwa makini alipocheza na Obwocha. Alipoketi alifanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kufanya: alimsimamisha mpiganaji wake katikati akamwacha hapo, bila hatua, bila ngumi, bila sauti. Bravin alingoja. Akasogea, akasikiliza, akasogea tena. Akapiga hewa. Na kila alipopiga hewa, Cynthia alimpiga yeye, kisha akanyamaza tena.

Ukumbi uliguna. "Huo si uungwana," mzee mmoja alisema. Joyline alihisi damu ikimpanda, akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akajiambia: kaa. Akakaa.

Bravin alipigwa raundi mbili kwa sifuri. Alipovua hedifoni alikuwa akitabasamu hadi magego.

"Nani amenifanyia hivyo? Unaitwa nani?"

"Cynthia."

"Cynthia, umenisoma!" Alitafuta mkono wake mezani, akaupata. "Wote hawa wanapigana na gemu. Wewe umepigana na mimi."

"Nilikuwa nakuogopa," Cynthia alisema, na hilo ndilo neno refu alilosema mchana wote. Ndiye aliyeondoka na jaketi.

Walirudi Nyanchwa kwa miguu jua likiwa bado juu, Bravin akichambua kila pigo kwa sauti kubwa hivi kwamba watu waligeuka njiani. Alikuwa tayari na dawa ya ukimya wa Cynthia: kumfanya asogee kwa kumtishia kutoka upande asioutazamia. Joyline alimsikiliza hadi alipochoka kusema.

"Bado umenikasirikia?" akamuuliza.

"Kidogo." Walitembea. "Ukitaka kuomba siku nyingine, niombee nipate watu wagumu."

Jioni ile, kabla chakula hakijaiva, Joyline aliketi sebuleni kwake akarekodi ujumbe kwa lile kundi. Alisema bado anaamini gemu ya zamani ilikuwa na adabu ambayo mpya haina, na kwamba yule Dubu wa vidoa hatamsahau, na kama kuna anayetaka kubishana naye kuhusu manyoya aje. Kisha akasema kwamba kuna jambo alilikosea. Alikuwa amehukumu gemu nzima kwa macho tu, wakati nusu yake ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya masikio, na wale walioitengeneza walikaa mahali fulani mbali wakafikiria hata pumzi ya mzee mmoja wa kuchora. Alisema amejua hilo leo kwa kuwa ndugu yake, Bravin wa Tabaka, msugua mawe, asiyeona, amemwangusha bingwa wa Nyamira bila kuachiwa hata ngumi moja.

"Raundi ya tatu, sema ilikuwa pigo moja kwa pigo moja," Bravin aliita kutoka jikoni alikokuwa akimenya ndizi.

"Nimeshasema!"

"Hujasema. Anza tena."

Joyline alifuta ujumbe wote, akakohoa, akaanza upya.